Vayoleti ya Usambara na mbwa wako: mwongozo kamili wa kuvifuga pamoja

Jibu fupi kwanza, maana huenda unasoma haya mbwa akiwa na jani mdomoni: vayoleti ya Usambara haina sumu kwa mbwa. Majani yake, maua yake, mizizi yake, vyote havina. ASPCA, shirika la Marekani la kuzuia ukatili kwa wanyama, lina kituo maalumu cha kushughulikia sumu za wanyama, nalo limeiweka vayoleti hii katika orodha ya mimea isiyodhuru mbwa, paka wala farasi. Mnyang'anye kilichobaki, angalia kama amemeza kipande cha plastiki au udongo mwingi, kisha ruka hadi hatua ya mwisho hapa chini.

Wewe mwenye nafasi, twende taratibu. Ninafuga mbwa na ninayapenda maua haya, na kinachonisumbua ni kwamba watu wakishasikia neno "salama" huacha kuuliza. Ua halina sumu, sawa. Mbolea iliyo chini yake je? Dawa iliyonyunyiziwa juu yake? Na chungu cha jirani, kile ulichonunua siku hiyohiyo kwa muuza miche yuleyule? Mbwa hachagui kwa kusoma orodha. Anakula kilichoifikia pua yake, na kazi yako ni kuhakikisha kwamba kila kinachoifikia kinaweza kuliwa bila kuita daktari.

Ua lenyewe na kwao

Vayoleti hii ni ya kwetu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani upande wa Tanga, alilichukua kutoka Usambara na kulipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, aliyesimamia bustani za Herrenhausen huko Hannover, akaliandika kitaalamu na kuliita Saintpaulia ionantha. Tangu 2015 wataalamu wa mimea wameliingiza katika jenasi (yaani kundi la mimea yenye undugu wa karibu) ya Streptocarpus, lakini wauzaji na wafugaji wa maua bado wanaliita Saintpaulia, na mimi nitafuata hao.

Porini huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu katika Milima ya Tao la Mashariki: Usambara, Nguru, Uluguru, na kuvuka mpaka hadi vilima vya Taita. Huko yanapungua kwa sababu misitu inakatwa, kwa hiyo tafadhali usichimbe la msituni. Huna haja nalo hata kidogo. Omba jani moja lenye kikonyo kwa mtu aliye nalo, lichomeke kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, baada ya wiki kadhaa litatoa miche yake.

Kumbuka hiyo asili ya mwambani, kwa kuwa inaeleza mambo mengi yanayokuja. Mmea uliozoea udongo mchache hauhitaji mbolea nyingi. Majani yake yenye manyoya hayapendi maji baridi, hivyo wengi huumwagilia kwa chini, kupitia kisahani. Na mbwa hunywa kwenye visahani.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni lenyewe

Usiridhike na jina alilokutajia muuzaji. "Vayoleti" huitwa mimea mingi isiyo na undugu, na "lili" ndiyo usiseme. Angalia mmea wenyewe.

Vayoleti ya Usambara ni fupi, majani yake yamepangika duara kuzunguka kitovu kimoja. Jani ni nene kidogo, lina manyoya laini ukilipapasa, na kikonyo chake ni kirefu chenye majimaji. Ua lina mapande matano, mawili ya juu madogo kuliko matatu ya chini, na katikati kuna vifuko viwili vya chavua vya manjano vinavyoonekana waziwazi. Rangi huwa zambarau, waridi, nyeupe, au mchanganyiko. Ukiung'oa hutakuta kiazi wala tunguu, ni mizizi myembamba tu.

Hiyo alama ya mwisho ina uzito kuliko zote. Mmea unaochanganywa nayo mara kwa mara, hasa kwa ndugu zetu walioko Ulaya, ni Cyclamen. Ujerumani wanauza Usambaraveilchen na Alpenveilchen katika duka moja, vyungu vidogo vinavyolingana, na majina hayo mawili yanaishia sawa. La kwanza ndilo letu. La pili ni Cyclamen, na kiazi chake kilicho chini ya udongo kina saponini, kemikali zenye povu kama sabuni, zinazomtapisha na kumharisha mbwa. Akikila kingi moyo huweza kuvurugika. Kuvitofautisha ni rahisi: jani la Cyclamen ni laini lisilo na manyoya, lina mabaka ya rangi ya fedha, na petali zake zimegeukia nyuma kana kwamba upepo umezipiga.

Primula nayo ina majani yaliyopangika duara na wakati mwingine yana manyoya, ila maua yake yana petali tano zilizo sawa. Humletea mbwa tumbo la kuvurugika, si zaidi ya hapo kwa kawaida. Kalanchoe ina majani manene yanayong'aa na vishada vya maua madogo ya petali nne. Hiyo tutairudia, maana si ya kuchezea. Gloxinia ni ndugu wa karibu wa vayoleti, maua yake makubwa kama kengele, nayo haina sumu.

Ukiwa na shaka, piga picha ya jani, ua, na sehemu ya chini ya shina, uwaoneshe watu wa bustani wawili tofauti. Wakikupa jina la kitaalamu, liandike kwenye kijiti cha mbao na ukichomeke chunguni. Siku ya dharura daktari atauliza jina hilo, na wewe hutakuwa na akili ya kulikumbuka.

Hatua ya pili: kagua majirani wa chungu

Hapa ndipo ninapoomba utumie muda mwingi zaidi. Mwenye vayoleti mara chache huwa na vayoleti peke yake. Zunguka sebule, baraza, na ukuta wa nje, chungu kwa chungu. Nyumba nyingi za kwetu mbwa ni mlinzi: mchana yuko bandani, usiku anafunguliwa na kuzurura kati ya vyungu hakuna anayemwona. Kwa hiyo baraza na uwanja vihesabu sawa na sebule.

Nianze na inayoua.

Mtapo, pamoja na ndugu yake anayeuzwa kwa mapambo, Cycas revoluta. Hauna maua, lakini nautaja kwa sababu uko kwenye vyungu vya milango mingi ya hoteli na nyumba, na sehemu zake zote ni sumu. Mbegu ndizo mbaya kupita kiasi: moja au mbili zinatosha kumuua mbwa. Sumu hushambulia ini. Mbwa hutapika siku ya kwanza, huonekana kama amepata nafuu, halafu baada ya siku mbili au tatu ini linaanza kushindwa. Kama una mbwa na una mtapo wenye mbegu, ondoa mbegu leo. Mimi ningeuondoa mmea mzima.

Waridi la jangwani, Adenium obesum, lile lenye shina lililonenepa chini na maua ya waridi yanayopendeza kweli. Utomvu wake una sumu ya moyo. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wameutumia kutengeneza sumu ya mishale ya kuwindia, na hilo linakuambia yote unayohitaji kujua. Oleanda, Nerium oleander, ni ya ukoo huohuo, na sumu yake hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Jani kavu lililoanguka bado lina sumu. Kalanchoe nayo hushika moyo, ingawa mara nyingi mbwa huishia kutapika na kuharisha. Maua yake yana sumu nyingi kuliko majani.

Brunfelsia, kile kichaka kinachofungua maua ya zambarau yanayopauka hadi meupe ndani ya siku chache, kimejaa bustani za Nairobi na Arusha. Mbwa hukipenda, matunda yake hasa. Sumu yake humtetemesha, humkakamaza, na kumtia degedege. Wanaokifuga kwa harufu yake nawaelewa, lakini hakikai uwanja mmoja na mbwa mchanga.

Gloriosa superba, yungiyungi lenye petali nyekundu na manjano zinazopinda juu kama ndimi za moto, huota lenyewe pwani na bara. Kiazi chake kina sumu kali iitwayo kolkisini. Mbwa anayechimba akikifikia, hali yake huwa mbaya sana.

Kundi linalofuata huumiza ila kuua ni nadra: Dieffenbachia, Anthurium, Philodendron, na Spathiphyllum, lile lenye ua jeupe lililojikunja kama tanga. Hizi zina fuwele za kalsiamu oksaleti, mfano wa sindano zisizoonekana, ambazo huchoma ulimi na fizi papo hapo. Mbwa hudondosha mate, hujikuna mdomo kwa makucha, pengine huvimba. Maumivu hayo ndiyo yanayomwokoa, maana hutema kabla hajameza kingi. Mnyaa, na ule mwiba wenye maua mekundu madogo uitwao Euphorbia milii, hutoa utomvu mweupe unaowasha ngozi na unaodhuru macho vibaya. Poinsetia ya Krismasi ni ya ukoo huo pia, lakini inaogopwa kupita kiasi. Kwa kawaida humletea mbwa mate na kutapika kidogo tu.

Amarilisi na Clivia zina sumu katika tunguu na mizizi kuliko katika majani. Zipandwe mahali mbwa hachimbi.

Kuna jambo moja kuhusu lili za kweli, zile za jenasi ya Lilium. Kwa paka ni kifo: chavua iliyoganda kwenye manyoya, akijilamba, yatosha kuharibu figo. Kwa mbwa kwa kawaida huishia tumboni. Kwa hiyo usichukue orodha ya paka ukaifanya ya mbwa, wala kinyume chake. Ukiwa na wote wawili, fuata iliyo kali zaidi.

Sasa faraja. Vinavyoweza kukaa jirani na vayoleti bila wasiwasi ni vingi na vizuri. Okidi aina ya Phalaenopsis. Jabera. Waridi la kawaida, ukiacha miiba. Haibiskasi. Hoya. Na Impatiens walleriana, ua la Afrika Mashariki ambalo zamani liliitwa Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar; linapenda kivuli kama vayoleti na linachanua karibu mwaka mzima. Asumini ya kweli, jenasi ya Jasminum, ile ya kusuka vikuba, haina sumu kwa mbwa. Lakini Cestrum nocturnum, inayotoa harufu kali usiku na ambayo watu huiita pia asumini ya usiku, ina sumu. Ndiyo maana nilianza na majina.

Hatua ya tatu: kilichomo chunguni

Mbwa wengi hawalifuati jani. Wanafuata harufu ya udongo.

Unga wa mifupa na damu kavu ni mbolea nzuri kwa mboga, ila kwa mbwa ni chakula. Atachimba chungu kizima, atakula udongo pamoja nayo, na bonge lile linaweza kuziba utumbo au kuchochea uvimbe wa kongosho. Vayoleti haihitaji mbolea hiyo. Iache.

Mashudu ya mbarika ni hatari ya daraja jingine kabisa. Mafuta ya mbarika yenyewe hayana risini, bali sumu hiyo hubaki kwenye mashudu baada ya kukamua, na kama hayakupitishwa kwenye moto wa kutosha ni sumu kamili. Yana harufu nzuri kwa mbwa. Unaponunua mchanganyiko wa "mbolea ya asili" kwenye mfuko usioandikwa, uliza waziwazi kama una mashudu ya mbarika. Asiyejua kukujibu, usinunue kwake.

Machicha ya kahawa watu huyamwaga kwenye vyungu vya maua wakiamini yanasaidia. Yana kafeini, na mbwa mdogo akila ya kutosha moyo humwenda mbio na hutetemeka. Maganda ya kakao ni hivyohivyo kwa sababu ya theobromini, sumu ileile iliyomo kwenye chokoleti.

Unachohitaji ni udongo mwepesi: mboji iliyooza vizuri, mchanga mkubwa kidogo au vipande vya mkaa kwa ajili ya kupitisha maji. Kisha mbolea ya maji iliyozimuliwa sana, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja moja. Vayoleti iliyolishwa kupita kiasi hutoa majani na kukataa kuchanua.

Halafu kuna maji ya kisahani. Weka maji yasiyo baridi kwenye kisahani, acha chungu kinywe kwa nusu saa hivi, kisha mwaga yaliyobaki. Yamwage kweli, usiyaache hadi kesho. Maji hayo yamebeba mbolea, yanaozesha mizizi, yanazaa mbu, na yako kwenye kimo cha mdomo wa mbwa. Kama una mbwa anayekunywa kila anachokiona, fanya umwagiliaji juu ya meza ya jikoni na urudishe chungu kikiwa kimeshachuruzika. Na bakuli lake la maji safi lijae wakati wote. Mbwa mwenye maji yake huangalia visahani kidogo.

Hatua ya nne: wadudu, na dawa zisizofaa kuingia ndani

Vayoleti hupata vidung'ata, wale weupe kama pamba kwenye maungio ya majani, na mara nyingine vidukari. Usikimbilie dawa. Chukua kijiti chenye pamba, kichovye kwenye spiriti, mguse mdudu mmoja mmoja. Rudia baada ya wiki. Chungu kikae mbali na mbwa mpaka kikauke. Mmea uliojaa wadudu kupita kiasi, utupe na uanze upya kwa jani safi. Ni ua linalokubali hivyo.

Kuna vitu viwili ambavyo sitaki kuviona katika nyumba yenye mbwa. Cha kwanza ni chambo cha konokono chenye metaldehaidi, vile vidonge vya buluu au kijani. Hutengenezwa kwa pumba, mbwa huvifakamia, na ndani ya saa moja hadi tatu huanza kutetemeka, joto hupanda, degedege hufuata. Cha pili ni dawa za chembechembe za udongoni za kundi la kabameti, kama karbofurani, ambayo Kenya ilijulikana kwa kuua simba na tai. Hizo, pamoja na dawa nyingi za oganofosfeti zinazopimwa kwenye vichupa visivyo na lebo sokoni, humfanya mbwa adondoshe mate na machozi, ajikojolee, mboni za macho zisinyae, apumue kwa shida. Ni suala la dakika, si la kesho asubuhi.

Ua ulilonunua jipya nalo hujui lilinyunyiziwa nini kitaluni. Uliza. Hata ukijibiwa "hakuna", liweke peke yake wiki mbili hivi mahali mbwa hafiki, suuza vumbi la majani kwa maji ya uvuguvugu na uyaache yakauke kivulini, na badilisha udongo wa juu. Huko ndiko utagundua pia kama limekuja na wadudu.

Hatua ya tano: mahali pa kuliweka

Vayoleti inataka mwanga mwingi usio wa jua kali. Dirisha la mashariki ni zuri. Joto la nyuzi 18 hadi 26 huifaa, ndiyo maana Lushoto, Arusha na Nairobi huchanua bila taabu, na Dar es Salaam au Mombasa huhitaji chumba chenye hewa inayotembea.

Kimo ni rahisi: juu ya mahali mbwa anapofika akisimama kwa miguu ya nyuma, si anapofika akiwa amesimama kwa minne. Watu husahau kochi chini ya dirisha, ambalo ni ngazi. Rafu ifungwe ukutani, kwa kuwa mkia wa mbwa mkubwa huangusha kigoda chepesi, na chungu cha udongo kikivunjika vigae humkata kabla hujafika. Chungu cha plastiki ndani ya kizito cha nje ni mpango mzuri. Manyoya ya mbwa hunasa kwenye majani yenye manyoya. Yaondoe kwa brashi laini kavu, usiyafute kwa kitambaa chenye maji.

Hatua ya sita: mbwa mwenyewe

Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu hadi sita anaota meno na atatafuna chochote. Usimlaumu. Mpe kitu cha mpira kigumu au kamba nene iliyolowekwa na kugandishwa, na umwangalie anapoitafuna. Mifupa iliyopikwa usimpe, hupasuka vipande vyenye ncha.

Mbwa mzima kula majani ya nyasi mara moja moja ni kawaida. Akianza ghafla kula mimea au udongo kila siku, hilo ni jambo la kumwonesha daktari wa mifugo: minyoo, upungufu wa damu, lishe duni, au uchoshi wa kufungwa kutwa nzima.

Fundisha neno moja, "acha", na nyumba nzima itumie hilohilo. Fumba kipande cha chakula kiganjani, mwache anuse na kukwaruza. Akijiondoa, sema "acha", kisha mpe kipande kingine kutoka mkono wa pili. Rudia siku nyingi, kwa dakika chache chache. Baadaye weka chakula chini, kisha jani. Watoto wa nyumbani na dada wa kazi wajue pia, maana wao ndio watakaokuwepo jani likianguka.

Hatua ya saba: akila

Amekula vayoleti pekee, udongo wake hauna kitu kibaya, na anaonekana mzima: mtoe vilivyobaki mdomoni, mwache anywe maji, muangalie siku hiyo. Kutapika mara moja jani likiwa zima si ajabu. Tumbo la mbwa halikuumbiwa majani. Akitapika mara tatu au zaidi, akikataa maji, tumbo likijaa na kuuma ukiligusa, au kama ni mtoto wa mbwa aliyelegea, mpeleke. Hapo shaka yako iwe kwenye plastiki, vigae, udongo au mbolea.

Amekula kitu kingine, au hujui alichokula: usingoje dalili. Fanya haya kwa mfuatano.

Mwondoe hapo, funga mbwa wengine. Toa mabaki mdomoni kwa kidole ikiwa hang'ati na hana degedege. Kama mdomo unamchoma, usuuze kwa maji baridi ukimwinamisha kichwa ili asipaliwe.

Chukua mmea wenyewe, tawi lenye jani na ua, na kopo la mbolea au dawa ikiwa lipo. Utapishi uwekwe kwenye mfuko. Andika saa.

Piga simu kwa daktari wa mifugo kabla ya kumpa kitu chochote. Mwambie uzito wa mbwa, umri, amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, na unachokiona sasa: fizi zina rangi gani, anatembea vipi, anatetemeka au la. Fizi nzima ni za waridi. Ukizibonyeza hupauka na kurudi ndani ya sekunde mbili hivi. Zikiwa nyeupe, za buluu, au zikichelewa kurudi, sema hivyo kwanza. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2.

Yale yanayofanywa majumbani kwa nia njema, naomba uyaache. Chumvi ya kumtapisha imeua mbwa, kwa sababu huvuruga damu na ubongo. Mafuta ya kula humpalia na kuingia mapafuni. Maziwa kidogo yanaweza kutuliza mdomo uliochomwa na fuwele, lakini hayaondoi sumu yoyote, na yasikupotezee muda. Mkaa wa jikoni uliosagwa si ule wa hospitali. Kumtapisha kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 hufanywa kwa agizo la daktari na kwa kipimo alichotaja, kamwe si kwa mbwa anayetetemeka, aliyelala fofofo, au aliyekunywa kitu kinachochoma.

Namba hiyo ya daktari uwe nayo kabla. Mjini tafuta zahanati ya wanyama inayofungua usiku, uiandike kwenye simu na ukutani. Vijijini muulize afisa mifugo wa kata ni nani mwenye atropini, dawa inayohitajika haraka kwa sumu za oganofosfeti na kabameti. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kina hospitali ya wanyama. Chuo Kikuu cha Nairobi kina zahanati ya wanyama wadogo kwenye kampasi ya Kabete. Makerere nayo ina yake Kampala. Walioko Marekani wana kituo cha sumu cha ASPCA kinachopokea simu saa zote, kwa malipo.

Mbwa akirudi nyumbani, kazi ya uangalizi bado. Kwa mtapo, daktari atataka kupima damu kuangalia ini tena baada ya siku moja na mbili, hata mbwa akiwa anakula na kucheza, usiache kumrudisha. Kwa Adenium na oleanda moyo husikilizwa kwa saa 24 au zaidi. Mmea uliomdhuru usiutupe kwenye jaa la mtaani ambako mbwa wa wengine hupekua, wala usiuchome, kwani moshi wa oleanda nao ni sumu. Ufunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, na uupe gari la taka mkononi, au uufukie kwenye shimo refu nje ya uwanja wa mbwa.